Tumeupekua mkoba mwekundu wa huduma ya kwanza: kipi kibaki, kipi kitoke, kipi kiongezwe

Mkoba mdogo mwekundu wenye msalaba mweupe na zipu ya kuzunguka si kitu kigeni tena. Unauzwa kwenye supamaketi, vituo vya mafuta, maduka ya spea na famasi, na wengi huununua siku moja na pembetatu za barabarani na mtungi wa kuzimia moto, ili trafiki akiuliza kiwepo cha kumwonyesha. Chapa ni nyingi, vilivyomo vinafanana mno: plasta, gozi, bandeji, glavu, mkasi, pini, kibano cha plastiki, vitambaa vya spiriti, blanketi la foili na pakiti ya ubaridi. Ndiyo maana hatutaji chapa hapa. Badilisha nembo, mambo ni yaleyale.

Swali letu lilikuwa moja. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Pwani limepanda, watoto wako baharini na bodaboda hazipumziki. Mtu akiumia kidogo, je, mkoba huu unamfaa?

Unamfaa nusu. Begi lenyewe ni zuri, na bandeji nyingi zinafaa. Tatizo ni kwamba aliyeupanga alikuwa anawaza ajali ya gari kwenye nchi ya baridi. Ukigeuza begi ukakuta pameandikwa DIN 13164, hicho ni kiwango cha Ujerumani cha mkoba wa gari: blanketi la foili la sentimita 210 kwa 160, vitambaa vya majeraha makubwa, glavu, na tangu toleo la 2022 barakoa mbili. Dawa haimo hata moja, na hilo si kosa, kiwango ndivyo kilivyo. Lakini majeraha yetu ya wakati wa joto ni mengine: ekzosi ya pikipiki, miiba ya baharini, matumbawe, msumari uliopenya ndala, nyuki, jua na kuishiwa maji. Kwa mengi ya hayo dawa ya kwanza ni maji, ya bomba au ya moto, na mkobani hakuna hata tone.

Ekzosi

Tuanze na jeraha ambalo kila mtaa una mwenye alama yake. Abiria anashuka upande wa bomba, shavu la mguu linagusa chuma cha moto, ngozi inababuka papo hapo. Ndani ya mikoba mingi kuna kipaketi kimoja au viwili vya jeli ya kuungulia, cha gramu 3 hivi. Jeli hiyo ni msaada wa mtu aliye mbali na maji. Mwenye bomba la maji karibu aiache begini.

Kinachotakiwa ni maji ya bomba yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, kwa kuangalia saa. Watu wengi huishia dakika mbili kwa sababu maumivu yamepungua, kumbe joto lililozama ndani ya nyama bado linaendelea kuunguza tabaka za chini. Kama bomba halitoi, dumu la lita 20 na kopo vinatosha: ukimimina polepole, lita moja kwa dakika, dumu linaisha muda ukiwa umetimia. Hata kama saa nzima imeshapita tangu aungue, fanya. Maji yanasaidia hadi saa tatu baada ya tukio. Barafu usiweke, inabana mishipa ya damu na kuiumiza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Vua mapema kikuku, pete au mkanda wa kiatu kabla mguu haujavimba. Nguo iliyoganda kwenye kidonda usiibandue, kata kuizunguka.

Baada ya maji, funika kwa nailoni nyembamba ile ya kufunikia chakula. Tupa mzunguko wa kwanza wa rola, kisha laza vipande juu ya jeraha kwa urefu. Usiuzungushe mguu mzima, maana uvimbe ukija nailoni itakaza. Faida yake ni kwamba haigandi na muuguzi anaona jeraha bila kuifungua. Rola hii haimo kwenye mkoba wowote tuliopekua, nasi tunaiweka ya kwanza kwenye orodha ya kuongeza. Malengelenge yaache yalivyo, ile ngozi iliyotuna ndiyo kifuniko safi kuliko vyote.

Dawa ya meno, ute wa yai, unga, majivu na mafuta ya kupikia havina kazi hapa. Vinazuia joto kutoka, vinaingiza uchafu, na ukifika zahanati lazima visuguliwe vyote kabla jeraha halijaonekana, na huko kusuguliwa kunauma kuliko kuungua kwenyewe. Krimu nyeupe ya silva salfadayazini, ambayo wauzaji hupenda kuiongeza kwenye mkoba kama zawadi, nayo si ya saa ya kwanza: inaacha utando mweupe unaoficha kina cha jeraha. Pia haifai kwa mwenye mzio wa dawa za salfa, mtoto wa chini ya miezi miwili, wala mjamzito aliyekaribia kujifungua. Iache mpaka mhudumu wa afya aseme.

Mpaka wa kwenda hospitali ni rahisi kuupima. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Jeraha likizidi hapo, mpeleke. Mpeleke pia bila kujali ukubwa kama ni usoni, mkononi, kwenye unyayo, kwenye kiungo au sehemu za siri, kama ni mtoto mchanga, au kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, ngumu, na haiumi. Kutouma huko ni dalili mbaya.

Baharini, chupa ya chai inaushinda mkoba

Hapa ndipo mkoba mwekundu unapofeli kabisa. Kwenye miamba na maji mafupi wapo wale viumbe weusi wa duara (sea urchin kwa Kiingereza) wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Ukikanyaga, miiba inakatikia ndani kwa sababu ina uwazi katikati na ni mepesi kuvunjika. Kibano cha plastiki kilichomo mkobani hakishiki kitu. Meno yake hayakutani, na ukikaza kinapinda pembeni na kuuvunja mwiba juu kabisa ya ngozi, mahali pabaya kuliko pote. Nunua kibano cha chuma chenye ncha ya mshazari, kile cha kung'olea nyusi. Vuta mwiba unaoonekana kwa mstari uleule ulioingilia, bila kuzungusha.

Usiouona, usiufukue kwa wembe wala sindano. Alama nyingi nyeusi si miiba, ni rangi inayotoka kwenye mwiba na kutia doa. Ikififia ndani ya siku moja au mbili, ilikuwa rangi. Kuna wanaopigapiga unyayo kwa chupa au jiwe ili mwiba usagike ndani. Vipande vinazidi kuwa vingi na vyote vinabaki na uchafu wao. Utomvu wa papai bichi una watu wake ufukweni, nao una kimeng'enya kweli, lakini utomvu huohuo unababua ngozi, kwa hiyo usiumwage kwenye kidonda kilichochanika.

Kinachotuliza maumivu ni maji ya moto, na kifaa chake kimo karibu kila nyumba ya Pwani: chupa ya chai. Ijaze maji yaliyochemka kabla ya kwenda baharini. Linalotakiwa ni joto la nyuzi 40 hadi 45, na mguu ukae humo kati ya dakika 30 na 90. Kwa maji yaliyotoka kuchemka, anza na kikombe kimoja cha moto kwa vikombe vinne vya maji ya kawaida. Kama yamekaa kwenye chupa saa kadhaa yakapoa kidogo, vikombe vitatu au viwili na nusu vitatosha. Ayapime asiyeumia, kwa kutia mkono wake humo kwa sekunde 30. Asipimie mgonjwa kwa mguu unaouma, kwa sababu maumivu yamemfanya asihisi vizuri na ataungua. Kila unapoongeza maji ya moto, toa mguu kwanza, koroga, pima, ndipo uurudishe.

Maji hayohayo ndiyo huduma ya kwanza ya mwiba wa samaki taa na wa samaki jiwe, ila hao wawili hawamo kwenye majeraha madogo. Loweka mguu huku mnatafuta usafiri. Mwiba wa taa ulioingia kifuani, tumboni au shingoni usiutoe. Mwiba wowote ulioingia kwenye kiungo cha kidole au goti, hata wa wale weusi, unahitaji daktari kwa sababu kiungo kinaweza kukakamaa.

Konyeza, wengine humwita yavuyavu, ana utaratibu wake. Mtoe mtu majini. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, maana maji baridi yasiyo na chumvi yanaweza kufyatua vile vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi. Nyuzi zilizonata ziondoe kwa kibano au mkono wenye glavu. Usisugue kwa mchanga wala taulo. Mkojo hauna faida yoyote, ingawa ushauri huo haufi. Siki inafaa kwa konyeza wa umbo la sanduku, lakini kwa yule wa buluu anayeelea juu kama puto miongozo ya Australia inasema usiitumie, tumia maji ya moto ya nyuzi 45 kwa dakika 20. Kwa kuwa watu wengi hawamwoni aliyewachoma, chupa ya chai ina nafasi kubwa zaidi begini kuliko chupa ya siki. Akianza kuhema kwa shida, kutapika, au uvimbe ukapanda usoni, achana na maji ya moto, mkimbize hospitali.

Plasta, gozi, na vitu vya kutoa

Hapa mkoba unajitahidi. Idadi ya plasta inatosha, lakini ni za aina gani? Zile za nailoni inayong'aa hazidumu kwenye jasho la Januari. Zinabanduka ndani ya saa chache na chini yake ngozi inalegea na kuwa nyeupe. Plasta za kitambaa zinashika na zinapitisha hewa. Kidole usikizungushe plasta ikajifunga yenyewe kwa kukaza, kikivimba itakata damu. Gozi nazo ni ndogo, nyingi ni sentimita 5 kwa 5, zinafaa goti la mtoto basi. Ongeza pakiti tano za 10 kwa 10 na rola ya plasta ya karatasi ya sentimita 2.5.

Kidonda cha matumbawe kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu kinadanganya. Siku ya kwanza ni mchubuko tu. Siku ya tatu kimekuwa chekundu, kinafukuta, hakifungi. Ndani yake kumebaki chembe za chokaa na mabaki ya viumbe vya baharini, na maji ya chumvi ambayo watu huyaamini kuwa yanasafisha yana bakteria wake. Kinachotibu ni kuosha kwa nguvu ya maji. Nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Vaa glavu, osha ngozi ya pembeni kwa sabuni, kisha vuta maji safi ya kunywa na uyafyatue ndani ya jeraha, tena na tena, mpaka yaishe kati ya nusu lita na lita nzima. Chembe zinazogoma zifute kwa gozi iliyolowa. Itauma, lakini ndiyo kazi yenyewe. Usikifunge kwa plasta ya kubana kingo zikutane, uchafu utabaki ndani. Funika kwa gozi, badilisha kila siku na kila ikilowa.

Bomba hilo ni rahisi sana kuliko mkoba, na bado hatukulikuta kwenye mkoba wowote.

Vitambaa vya spiriti ni vya kufutia kibano, mkasi na mikono. Kidondani vinaua seli zilezile zinazotakiwa kuziba jeraha, na maumivu yake yanamfanya mtoto asikubali kuguswa tena. Haidrojeni peroksaidi ina povu la kuvutia, lakini povu si ushahidi wa usafi. Pamba itoe kabisa, au ibaki ya kufutia ngozi nzima: nyuzi zake zinaganda kwenye kidonda na kuzitoa ni kukitonesha. Ayodini ya asilimia 10 inafaa kupakwa pembeni ya kidonda, ila mwenye matatizo ya tezi ya shingo, mjamzito na mtoto mchanga wasiitumie bila ushauri. Dawa ya zambarau inaficha wekundu, na wekundu ndio ishara unayoingoja.

Kuna kitu kingine cha kutupa: kile kimpira chembamba cha kufungia mkono. Ni cha mtu anayetafuta mshipa ili atoe damu. Hakizuii damu kutoka. Kikifungwa juu ya jeraha kinabana mishipa ya juu juu inayorudisha damu, ile ya ndani inayoleta damu inaendelea, na jeraha linatoka damu zaidi. Weka gozi, kandamiza kwa kiganja dakika 10 bila kuchungulia, kwa sababu kila unapochungulia unavunja damu iliyokuwa inaanza kuganda. Ikilowa, weka gozi nyingine juu yake, ya chini usiitoe. Kidonda kilichoachama au kinachoonyesha nyama ya ndani kipelekwe kushonwa siku hiyohiyo.

Msumari uliopenya ndala ni jambo la kuuliza chanjo kabla ya kuuliza plasta. Tundu ni dogo, lakini kipande cha mpira wa ndala huweza kusukumwa ndani na kubaki humo, na pepopunda hupenda majeraha ya namna hiyo. Osha, usizibe tundu, uliza chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Kwa kidonda kichafu, ikiwa imepita miaka 5 anahitaji sindano nyingine. Asiyekumbuka anahesabiwa kuwa hana. Unyayo ukianza kuuma upya siku chache baadaye, uangaliwe kama kuna kipande kilichobaki.

Kuumwa na mbwa, paka au mnyama mwingine si kazi ya mkoba. Maji na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama alama ni mchubuko.

Kuteguka

Pakiti ya ubaridi ndiyo inayopendwa na watoto: unaiminya, kifuko cha maji cha ndani kinapasuka, maji yanakutana na chembe za urea au amoniamu nitreti, na pakiti inakuwa baridi. Inafanya kazi mara moja tu, na kwa joto letu ubaridi unadumu kama robo saa. Iviringishe kwenye kanga au taulo jembamba, isiguse ngozi moja kwa moja, na usiiweke kwenye jeraha la kuungua. Ikiwa imevuja, itupe, usiiache mtoto aichezee. Barafu iliyopondwa ndani ya kitambaa kilicholowa inafanya kazi vizuri zaidi na inarudiwa: dakika 20, kisha pumzika saa mbili, kisha tena.

Bandeji ya kuvutika ndiyo kitu bora kuliko vyote mkobani, mradi iwe ya sentimita 7.5 au 10 na iwe inavutika kweli. Kwenye baadhi ya mikoba imewekwa ya kitambaa chepesi kisichorudi kikivutwa, hiyo ni ya kushikia gozi tu. Kwa kifundo cha mguu, anzia chini ya vidole, panda kwa kuvuka mbele ya kifundo kama namba 8, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, malizia juu ya kifundo. Kisigino kisiachwe wazi, uvimbe utakimbilia huko. Kisha bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu kwa sekunde tano na uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au vidole vikifa ganzi, fungua ufunge upya kwa kulegeza. Usiku ifungue. Asiyeweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, au anayeumia ukibonyeza mfupa wenyewe, apigwe eksirei. Kuchuliwa mguu uliovimba siku ya kwanza kunaongeza damu inayovujia ndani.

Nyuki, pua, nyoka

Mwiba wa nyuki utoe upesi. Kwa ukucha, kwa kadi, kwa vyovyote, kwa sababu kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Osha, weka ubaridi. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 na kidonge cha setirizini, miligramu 10 kwa mtu mzima, ni nyongeza nzuri ya mkoba. Midomo ikivimba, sauti ikikwaruza, au mtu akazimia, hiyo ni dharura, vidonge havitoshi. Damu ya pua haitaki kifaa: aketi, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 huku akipumua kwa mdomo. Kumlaza kichwa nyuma kunaipeleka damu tumboni, atapike. Ile pampu ndogo ya kunyonyea sumu ya nyoka, inayoongezwa kwenye mikoba ya bei kubwa, haifai kitu, na jiwe jeusi la nyoka vivyo hivyo. Aliyeumwa atulie, mguu usisogezwe, apelekwe hospitali.

Joto lenyewe

Hakuna mkoba tuliopekua wenye ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na hii ndiyo kasoro tunayoilalamikia zaidi, kwa sababu pakiti moja haizidi bei ya soda. Mtu aliyecheza mpira saa nane mchana, ana kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na misuli inayobana, anahitaji kivuli, kupepewa, maji mwilini na ORS. Soma pakiti: ile ya lita moja, ya gramu 20.5, inachanganywa yote kwenye lita nzima ya maji safi, na ipo pia ya nusu lita. Kosa la kila siku ni kumimina pakiti ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita. Mchanganyiko ukizidi chumvi unavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza. Anywe kidogo kidogo, na uliobaki baada ya saa 24 umwagwe. Pasipo na pakiti: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bapa, kwa lita moja. Dafu ni kinywaji kizuri, lina potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya ORS kwa mtu aliyetoka jasho jingi.

Akianza kuropoka, kuyumba au kupoteza fahamu, hilo si jambo la ORS tena. Mwili umefika nyuzi 40 au zaidi. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, wekeni vitambaa baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani, huku gari linatafutwa. Msimnyweshe asiye na fahamu. Panadoli haishushi joto la namna hii. Na lile blanketi la foili msimfunike nalo, maana kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Lifungeni kwa kamba juu ya miti miwili liwe kivuli, hapo lina maana. Au libaki kwa aliyetolewa majini usiku anatetemeka.

Jua lina wanaoumia kuliko wengine. Kwa mwenye ualbino kuungua na jua si jeraha dogo la msimu, ni njia ya kuelekea kwenye saratani ya ngozi. Mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi yenye kinga ya SPF 30 na zaidi yameundwa kwa ajili yao hasa. Kwa yeyote mwenye ngozi nyepesi, mafuta yapakwe kabla ya kutoka, yarudiwe kila saa mbili na kila akitoka majini, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Aliyekwisha kuungua: maji ya baridi, kivuli, kunywa maji. Mafuta ya mgando yasipakwe siku hiyo, yanafungia joto.

Kununua na kutunza

Dukani, fungua zipu kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Angalia tarehe ya kuisha kwenye gozi na vitambaa vya spiriti, si kwenye begi. Minya kitambaa cha spiriti ndani ya kipaketi: kikiwa kikavu hutasikia unyevu ukisogea. Vuta bandeji ya kuvutika uone kama inarudi. Glavu ziwe za naitrili, kwa sababu za mpira wa kawaida huoza kwa joto na kupasuka unapozivaa. Mkasi ukate kanga, usiutafune. Kama mkoba umefeli majaribio mawili, nunua begi tupu au kopo la plastiki lenye mfuniko, kisha ununue vilivyomo kimoja kimoja duka la dawa. Utapata gozi nyingi zaidi na hutalipia pampu ya nyoka.

Kwenye gari, usiuache kwenye dashibodi wala buti linalopigwa na jua. Krimu na vidonge vingi vimeandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na ndani ya gari lililofungwa mchana joto linavuka hapo mapema sana. Gundi ya plasta inayeyuka na kuhamia kwenye karatasi yake, pakiti ya ubaridi inakauka. Dawa zikae kwenye kifuko kidogo unachoshuka nacho. Mkoba wenyewe uweke chini ya kiti.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, hewa ya chumvi inakula chuma hata ndani ya zipu. Pini na kibano vitie kwenye kimfuko cha nailoni kinachojifunga. Kwenye ungio la mkasi dondosha tone moja la mafuta ya cherehani, fungua na kufunga mara kadhaa, kisha futa yaliyobaki ili yasije yakafika kwenye gozi.